Kitambaa Kisichopumua

Sogeeni hapa karibu na jiko, wajukuu. Wewe mwenye kikohozi kaa upande wa mlango, funika mdomo, na usininunie. Nyamazeni sasa. Anayetaka kwenda nje aende kabisa, maana nikishaanza sitaki mtu asimame. Na jambo moja: nikimwita mtu kwa jina katikati ya hadithi, asiniitikie mpaka ameona midomo yangu ikisogea. Mnacheka. Haya, chekeni mmalize.

Hadithi hii ni ya Safiyo, habaryar wangu, yaani mdogo wake mama, aliyeolewa Wajir kwenye boma la mzee Korane. Alinisimulia yeye mwenyewe, na kila aliposimulia alikasirika upya, kana kwamba wale watu bado wamekaa mbele yake na bado hawasikii.

Ulikuwa mwaka wa kikohozi, Wazungu wakiwa bado wanapandisha bendera yao. Mafua yalikuja na malori kutoka Isiolo. Mtu aliamka mzima, adhuhuri anatetemeka, halafu ama anapona ama anazikwa, na hakuna aliyejua kwa nini huyu na si yule. Dresa wa zahanati, mtu wa bara mwenye miguu mirefu, alipita boma kwa boma akigawa vipande vya marikani. Akawaonyesha: pua na mdomo, funga kisogoni, fua, anika juani.

"Na usivue ukiongea na mtu," akasema. "Hapo ndipo ugonjwa unapopita."

Safiyo alielewa mara moja. Shida ilikuwa wenzake.

Mumewe Bare alikifunga kitambaa shingoni kama kamba ya mbuzi. Rukiyo, wifi yake, alikifunga mdomoni akaiacha pua nje, "nipumue kidogo." Na mzee Korane, baba mkwe, alikishika kwa vidole viwili, akakitazama, akakirudisha.

"Mimi ni ndama wa kuachishwa ziwa, nifungwe mdomo?"

"Aabo, baba yangu, ni kwa sababu ya ugonjwa."

"Ugonjwa unaletwa na Mungu, na kitambaa kinaletwa na dresa. Nani mkubwa?"

Hakuna mke wa mwana anayembishia mkwewe. Lakini Safiyo alikwenda nyuma ya aqal, ile nyumba yao ya fito na mikeka, akalipiga teke rundo la majivu mpaka likatapakaa.

Sasa sikieni jambo lililowaponza. Katika boma lile, mzee akikuita, unaitika "Labeka" mdomo ukiwa wazi, uso ukiwa wazi. Kumjibu mzee ukiwa umejifunika ni kumdharau, kama kumpa mgongo. Kwa hiyo hata wale walioshika maneno ya dresa walifunga vitambaa vyao vizuri siku nzima, na Korane akiita tu, "Rukiyo!", vitambaa vinashuka kidevuni, "Labeka, Aabo!" Kinsi, binti wa Safiyo, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka, ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote. Babu yake alimfundisha mwenyewe.

"Mdomo wa mjukuu wangu haufichwi kwangu," alimwambia.

"Ndiyo, Awoowe."

"Usivue!" Safiyo alifoka kutoka jikoni.

"Hooyo, Awoowe ameniita!"

"Mwitikie humo humo ndani ya kitambaa!"

"Atasema sina adabu."

Safiyo aliniambia, wallahi alitamani kumshonea yule mtoto kitambaa usoni kwa sindano ya kushonea magunia.

Basi Bare akaugua. Alilala kwenye mkeka, jasho linamtoka kama aliyetoka kuoga. Na Bare ndiye aliyekuwa akishuka kisimani.

Wajir ni visima, mnajua. Ngamia wa boma lile walinyweshwa kwa wimbo. Mmoja anashuka ndani anajaza ndoo ya ngozi, mwingine anavuta juu na kumimina kwenye hori, na wa juu anaimba, wa chini anaitikia. Bila wimbo, ngamia wa Korane walisimama tu wakayatazama maji kama wageni waliowekewa chakula wasichokijua. Korane alikuwa na sauti, jamani. Watu wa kutoka Bute walipoleta mifugo yao walikaa tu kumsikiliza. "Kunywa, mwenye nundu, kunywa, kesho utayaomba maji kwa mchanga." Na Bare chini: "Hoo, yapande, hoo."

Siku ile Korane alikwenda na Dubow, kibarua wake. Dubow akakataa kushuka.

"Mzee, humo ndani hewa imelala. Mwanao amelala kwa hewa hiyo hiyo."

"Basi tutachota kutoka juu kwa kamba. Lakini utaitikia."

"Nimefunga mdomo, mzee. Dresa alisema."

"Dresa, dresa! Umekuwa mke wa dresa?"

Korane akashusha ndoo mwenyewe, akamimina maji horini, akampa Dubow kamba, akaanza kuimba. Na kule chini, ambako hapakuwa na mtu, sauti ikaitikia.

"Hoo, yapande, hoo."

Dubow aliiachia kamba. Ngamia wakainamisha shingo, wakanywa.

Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini Korane alikuwa na siku kadhaa za hasira, kila mtu amefungwa mdomo, wimbo wake hauna mwenzake, ngamia wanakonda. Sasa wanakunywa. Akacheka. Akainama juu ya tundu la kisima akasema, "Haya, mwanangu. Kama wenye midomo wamekataa, itikia wewe."

Akasema "mwanangu." Dubow alisikia kwa masikio yake.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Sauti ya kisimani ikawa inaitikia vizuri zaidi, hata kabla ya zamu yake. Mwanzo ilifanana na ya Bare. Halafu ikafanana na ya Korane mwenyewe. Na Korane akaanza kukwaruza kooni.

Nyumbani palianza harufu. Safiyo aliisikia asubuhi moja akifukiza vibuyu vya maziwa: harufu ya jiwe lililolowa, ya chumvi na matope ya chini kabisa, kule ambako jua halifiki. Akadhani ni ndoo. Akaiosha ndoo. Harufu ikabaki.

Adhuhuri ya siku hiyo, jua limesimama utosini, kuku wamejificha, Korane akiwa msikitini, sauti yake iliita nje ya aqal.

"Rukiyo!"

Rukiyo akashusha kitambaa. "Labeka, Aabo!"

Kisha akashika shingo. Alisema baadaye, kwa mnong'ono, kwamba lile neno halikutoka, lilivutwa. Lilivutwa kama mtu anavyovuta kamba ya ndoo, mkono kwa mkono, na lilipokwisha kutoka aliyekuwa akivuta hakuacha. Nje hapakuwa na mtu. Mchanga tu, na mahali palipolowa.

Jioni Rukiyo alikohoa. Kesho yake aliitwa tena, akaitika, kwa sababu alilelewa kuitika. Safiyo alimkuta amekaa amejishika kifua, kitambaa kidevuni.

"Umekivua tena? Rukiyo! Nimesema mara ngapi?"

"Aabo ameniita, abaayo, dada yangu."

"Aabo yuko sokoni!"

"Sasa ningejuaje? Akiita, mdomo unajibu wenyewe."

Walimzika Ijumaa. Na mimi nasema hivi, na Safiyo alisema vilevile: mafua yalikuwa mafua, na yaliua wengi ambao jini wa kisimani hakuwajua hata majina. Lakini Rukiyo hakufa kwa homa. Mwili wake ulikuwa baridi tangu mwanzo, na alipokufa midomo yake ilikuwa na chumvi nyeupe, kama ukingo wa hori.

Baada ya mazishi Safiyo alimkabili mkwewe. Alisimama nje ya aqal ya mzee, kitambaa kimefungwa, macho yanawaka.

"Aabo, kuna kitu kinaita kwa sauti yako."

"Unaongea nami umefunika mdomo?"

"Ndiyo. Na sitaufunua."

Korane akagonga bakora chini. Angeweza kumrudisha kwao kwa neno lile. Lakini alikuwa ametoka kumzika binti yake, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Wanawake mkiwa na majonzi mnasikia mambo," akasema. "Nenda."

Safiyo alikwenda. Mnadhani alilia? Hakulia. Alichukua vitambaa vyote, akavifua, akavianika, akavifunga kimoja kimoja kwenye nyuso za watu wake kwa mafundo mawili, na ndani ya saa moja Bare alikuwa amekivuta chake shingoni tena kwa sababu kinawasha.

Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo moyo wangu huwa unapiga.

Siku ya tatu baada ya kumzika Rukiyo, adhuhuri tena, Safiyo alikuwa akitoka na kuni nyuma ya zizi. Boma limetulia. Upepo hakuna. Na pale kivulini, kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, mzee Korane amekaa, shuka yake begani, bakora mapajani. Na amefunga kitambaa.

Safiyo alifurahi. Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichokihisi ni furaha: hatimaye! Mzee amesikia! Akatua kuni. Na mzee akaita, kwa ile sauti yake nzuri ya zamani, isiyo na mkwaruzo.

"Kinsi! Kinsi, mjukuu wangu, njoo uniitikie."

Na Kinsi akatoka ndani mbio, na Safiyo akaona mkono wa mtoto unakwenda kwenye kitambaa chake kukishusha, na wakati huohuo akaona kwamba sauti ile ilikuwa safi mno, haikupita kwenye nguo yoyote, na akakitazama kile kitambaa cha mzee, akakitazama vizuri kama anayetazama maziwa kama yameharibika, na akaona kwamba hakiingii wala hakitoki, hakivimbi wala hakinywei, kimelala bapa juu ya pua na mdomo kama nguo iliyoanikwa kwenye jiwe, na chini ya kigoda mchanga umelowa na unazidi kulowa, na harufu ya kisima imempanda puani, na kuni zimemdondokea miguuni na hazisikii, anakimbia, anakimbia na miguu haifiki, na mtoto tayari ameshusha kitambaa, tayari ameachama, na "La—" ya labeka imeshatoka.

Safiyo alimziba mdomo kwa kiganja. Wakaanguka wote wawili. Alihisi pumzi ya mtoto inavutwa kati ya vidole vyake, nyembamba kama uzi, inakwenda kwenye kile kigoda, na akabana, akabana mpaka uzi ukakatika.

"Mwitikie babu yako," kile kitu kikasema, kwa upole. "Huna adabu, Kinsi?"

Na langoni pa boma palisimama mzee Korane, wa kweli, amerudi kutoka kisimani na ndoo mkononi, mdomo wazi. Alijiona mwenyewe amekaa kwenye kigoda chake. Alitaka kupiga kelele, ikatoka hewa tu, kama ngozi ya ndoo iliyotoboka. Kile cha kigodani kikageuza kichwa, kikamtazama, na kikasema, "Mwanangu."

Kisha kigoda kikawa kitupu.

Kinsi aliachwa na pumzi kidogo sana. Alikuwa akihema kama kifaranga. Safiyo alijua bila kuambiwa: akiitika mara nyingine, hata nusu, hana kitakachobaki.

Hapo ndipo Korane mwenyewe, kwa mnong'ono wa aibu, alisema aitwe Gumato. Huyu Gumato alikuwa bibi wa Kiborana, mjuzi wa moshi na mizizi, ambaye Korane alikuwa amemsema vibaya miaka na miaka. Alikuja amefunga kitambaa chake hadi chini ya macho. Akafukiza manemane, moshi mchungu ukajaa aqal, akampitishia Kinsi kitambaa juu ya moshi kabla ya kumfunga. Kisha akamgeukia mzee.

"Ulikiita?"

Korane akatikisa kichwa kukubali.

"Ukakipa jina?"

"Nilikiita mwanangu," akanong'ona.

Gumato alipiga kiganja pajani. "Kitu hakina mdomo, hakina pumzi, kimekaa chini kule kimya tangu babu zetu hawajazaliwa, hakimgusi mtu. Wewe unakwenda kukiomba kiimbe! Sasa kimejua utamu wa kuitikiana. Kinaita, mnaitika, kinakunywa. Na mmepewa kitambaa bure, na kwenye kitambaa kilichofungwa hakiwezi kupita, na nyinyi kazi yenu kushusha, kushusha, kushusha!"

"Nimewaambia, Akko, bibi yangu," Safiyo akasema, na sasa ndiyo machozi yakamtoka. "Nimewaambia mpaka nimechoka."

"Kwangu, mume wangu Guyo alikuwa hivyohivyo," Gumato akasema. "Wanaume hawa. Wanaogopa kuonekana wanaogopa."

"Kinaondokaje?" Korane akauliza.

"Umekikopesha sauti yako nusu. Kitakuja kila siku kutafuta nusu iliyobaki, na ukiizuia kitaichukua kwa watoto wako, maana wameitoa kwako. Kupokonya huwezi. Kama unataka kibaki kule kwake kimeshiba, kapeleke yote."

"Yote?"

"Yote, Korane. Mpaka ya salamu."

Korane alikuwa mtu anayejulikana kwa sauti tu. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, si mali kubwa, si elimu. Akamtazama Kinsi anavyohema. Akachukua bakora.

Walimfuata kisimani, Safiyo, Bare akitembea kwa kujikongoja, Dubow, Gumato na chetezo chake. Wote wamefunga vitambaa, na safari hii Bare alifunga sawasawa. Kinsi alibebwa mgongoni. Mzee akawaonyesha kwa kidole: msimame pale, mtakalolisikia msiitike.

Akainama juu ya kisima akaimba. Kwanza ilitoka mikwaruzo, lakini alipoitikiwa sauti ilimrudia yote, na aliimba wimbo wa ngamia, na wa harusi ya Bare, na ule aliomwimbia mkewe marehemu walipohama kutoka Mandera mwaka wa njaa, na kila wimbo ulivyokwenda sauti ya chini ilipanda karibu zaidi na ya juu ikawa nyembamba zaidi, mpaka hawakujua tena nani anaanza na nani anaitikia, na ngamia waliokuwa malishoni walikuja wenyewe wakasimama, na ile sauti ikaanza kuwaita, Safiyo, Bare, Dubow, kwa upendo, kwa kubembeleza, kisha kwa kulia, kisha kwa matusi, Kinsi, Kinsi, babu anakufa na wewe huitiki, na mtoto alitetemeka mgongoni mwa mama yake, na Safiyo alihisi kile kitambaa kidogo kilichofukizwa kinamgusa shingoni, kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, joto, na akakitegea sikio hicho tu, mpaka akaona midomo ya mzee inasogea na hakuna kinachotoka, na wimbo wote uko chini.

Halafu kukawa kimya. Maji yalisikika yakitulia.

Korane alisimama wima. Alifungua mdomo kumwambia Safiyo kitu, akakosa. Basi akanyoosha mkono, akaomba kitambaa. Safiyo akampa. Na mzee yule akakifunga mwenyewe, pua na mdomo, fundo kisogoni, hadharani, mbele ya ngamia wake.

Safiyo aliniambia, "Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Ingemgharimu nini kukifunga siku ya kwanza?"

Kinsi alipona. Boma halikuitwa tena. Korane aliishi miaka mingi bila neno, akitingisha kengele ya mti ya ngamia kila alipotaka mtu, na hakuna aliyelazimika kuvua chochote kumjibu. Serikali ya Wazungu iliondoka, Kinsi aliolewa, na mzee akafariki akiwa amemshika Safiyo mkono.

Ngamia walirithiwa na Bare. Dubow alipewa ndoo ya ngozi, akaikataa, ikazikwa. Kigoda alipewa Safiyo, akakipasua kuni siku hiyohiyo akachemshia chai ya waombolezaji. Kengele ilirithiwa na Kinsi.

Na sauti ilirithiwa na kisima. Kinsi alipita pale baada ya matanga, mtoto wake mchanga amelala mgongoni, na kule chini akasikia, "Kinsi!" Alivuta shungi juu ya mdomo, akatingisha kengele, ile sauti ikanyamaza. Alikuwa ameshaanza kuondoka ilipoita tena, taratibu, "Jawahir."

Jawahir lilikuwa jina la mtoto. Alizaliwa wakati mzee ameshakuwa bubu. Korane hakuwahi kulitamka hata siku moja.